Watoto wangu wanasoma Kifaransa na Mashi wanaisema

Mwalimu mmoja wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alituita, mimi na mume wangu, akatushauri tuache kabisa kusema Mashi, lugha yetu sisi Washi, nyumbani, kwa kuwa binti yetu alikuwa akipata alama ndogo katika imla ya Kifaransa. Ushauri huo ulinikera, na mpaka leo unanikera, maana wazazi wengi wa mitaa yetu ya Kadutu na Bagira wanapewa huohuo kana kwamba ni dawa iliyothibitishwa. Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikipendekeza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama, na sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 inazikubali lugha za taifa na lugha za mahali katika kufundishia. Isitoshe, Mashi ilikuwa imeshafifia kwetu: sisi wazazi tuliisema, watoto wakajibu kwa Kiswahili. Lugha ambayo mtoto haisemi itamharibiaje imla?

Shemeji yangu naye alisema dawa ya Mashi kufifia ni kuwapeleka watoto kijijini Walungu, kunakosemwa Mashi, likizo nzima. Tuliwapeleka. Binamu zao walifurahi mno kupata wageni wa mjini, wakawang'ang'ania wawafundishe Kiswahili cha Bukavu, wakawa wanacheza, wanagombana na kupatana kwa Kiswahili hichohicho. Likizo ilipoisha, waliojifunza lugha ni watoto wa kijijini.

Kilichotufaa kilianza mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu ili atibiwe macho. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi na sabuni, na Kifaransa hajui kabisa. Nilimwomba binti yangu awe anamweleza bibi yake kila jioni somo alilofundishwa siku ile, nikachagua tuanze na hesabu za sehemu, ambazo zilikuwa zikimliza.

Jioni ya kwanza bibi alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Binti alisoma daftari lake kwa Kifaransa. Bibi akaendelea kuchambua. Akajaribu Kiswahili, bibi akatikisa kichwa. Ndipo binti alipochukua maharagwe 12, akayapanga mafungu matatu ukingoni mwa ungo, akaanza kuyatafuta maneno ya Mashi moja baada ya jingine, bibi akimsaidia kila alipokwama. Bibi alipoelewa aliyachanganya yote, akamuuliza: nikigawa mafungu matatu nikakupa mawili, au nikigawa sita nikakupa manne, utachagua lipi? Mtoto alihesabu kwa kidole, akarudia, kisha akapiga kelele kwamba ni sawasawa. Swali la namna hiyo ndilo lililokuwa limemshinda darasani. Yaliyokaririwa kwa Kifaransa bila kueleweka hayaelezeki kwa Mashi, na bibi asiyeelewa hadanganyiki kwa kusomewa daftari.

Imla tuliirekebisha kwa imla: aya moja kila jioni, basi.

Kaka yake, aliye sekondari, aliingia mwenyewe siku aliyofundishwa jinsi chachu inavyogeuza sukari kuwa pombe. Bibi alimweleza kasiksi, pombe ya ndizi, inavyotengenezwa: ndizi zinafukiwa shimoni mpaka ziive, zinakamuliwa, kisha juisi inatiwa unga wa mtama na kuachwa ichachuke. Kijana aliandika yote kwa Mashi, akapanga pembeni hatua za daftari lake la shule, zikalingana. Mzee wa nyumbani aulizwe kazi anazozijua kwa mikono yake. Akiombwa tu "afundishe mila" atanyamaza, kwa sababu hajui aanzie wapi.

Alama za binti zimepanda, za imla pia, na mwalimu yule hajarudia ushauri wake. Mama mkwe amesharudi Walungu, kwa hiyo masomo ya jioni tunayapeleka kwa simu. Uniti zinakula fedha kiasi, lakini ni nafuu kuliko kumlipa mwalimu wa nyumbani. Kitinda mimba wetu bado hajaanza shule, na akituomba kitu kwa Kiswahili, mimi na baba yake tunamjibu kwa Mashi, tunangoja mpaka akiombe kwa Mashi, ndipo tunampa.