Nani Alikufundisha Chakula Chetu? Jibu Langu Kutoka Louisville

Mgeni mmoja kwenye sherehe niliyoipikia Jumamosi ya Derby amenikera, na nimeamua kuandika kabla hasira haijapoa. Alionja burgoo yangu, ule mchuzi mzito wa Kentucky, akarudia bakuli la pili, kisha akaja jikoni kumtafuta mpishi ampe shukrani. Nilikuwa mbele yake, mwiko mkononi, aproni kifuani. Macho yake yakanipita, akamuuliza mwenye nyumba, "Mpishi yuko wapi?" Mwenye nyumba akanionyesha. Yule mama akacheka, akataka kujua nimetoka nchi gani. Nikamwambia Tanzania. Akasema, "Sasa nani alikufundisha chakula chetu?"

Chetu! Nilimjibu kwa adabu kwa sababu nilikuwa kazini, na mteja humwambii yote yaliyo moyoni. Yaliyo moyoni nayaweka hapa.

Kwa walio nyumbani, nieleze kidogo. Kentucky Derby ni mbio za farasi zinazofanyika Louisville, mji wa jimbo la Kentucky huku Marekani, uwanja wa Churchill Downs, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Zilianza 1875 na hazijakosa mwaka hata mmoja. 2020, mwaka wa korona, zilisogezwa hadi Septemba na viti vikabaki vitupu. Wanakimbia farasi wa miaka mitatu tu, hawazidi 20, umbali wa kilomita mbili hivi, na baada ya dakika mbili kila kitu kimekwisha. Rekodi ni ya farasi aitwaye Secretariat tangu 1973, aliyemaliza kabla dakika ya pili haijatimia. Lakini hizo dakika mbili watu wanazisherehekea wiki nzima. Ijumaa yake shule za serikali mjini zinafungwa. Wanawake wananunua kofia ambazo bei yake ukiitaja Moshi watakuuliza kama imeshonwa na dhahabu. Na asiyeingia uwanjani anafanya sherehe nyumbani kwake, ndipo sisi wapishi tunapopata pesa ya msimu.

Meza ya Derby ina desturi yake, usiende kubuni. Kwanza vile vimkate vidogo vilivyokatwa kingo, vimepakwa Benedictine. Ni matango yaliyokunwa, jibini laini, maji ya kitunguu, chumvi na pilipili kidogo. Aliyeianzisha ni Jennie Benedict, mwanamke aliyekuwa na biashara ya kupikia sherehe hapa hapa Louisville zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ujanja uko kwenye matango: yatie chumvi, yaache yatoe maji, kisha yakamue kwenye kitambaa safi kwa nguvu zako zote, la sivyo mkate utalowa kabla mgeni hajashuka kwenye gari. Kuna mayai ya kuchemsha ambayo kiini kinatolewa, kinapondwa na mayonezi, haradali na siki, kisha kinarudishwa kwenye ute. Kuna kuku aliyelazwa kwenye maziwa ya mtindi usiku kucha kabla ya kukaangwa. Kuna vimkate vya siagi vyenye vipande vyembamba vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi.

Halafu burgoo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipotukanwa.

Burgoo ni mchuzi mzito wa nyama za aina mbalimbali na mboga. Mimi natumia ng'ombe, kuku na bega la nguruwe. Upande wa Owensboro wanapenda kondoo. Nachemsha nyama na mifupa yake kuanzia usiku, moto mdogo, mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Natoa mifupa, nachambua nyama, nairudisha kwenye supu. Natia viazi, karoti, vitunguu, nyanya, maharage ya lima na mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa. Bamia zinaingia karibu na mwisho, zinaupa mchuzi uzito wake. Toka hapo mwiko hautoki mkononi, maana ikishika chini imeharibika yote, harufu ya kuungua haifichiki. Inakuwa tayari pale ambapo huwezi tena kusema hiki ni kiazi na hiki ni nini. Mtu aliyekulia Uchagani, akakorogeshwa mtori wa mzazi kwenye sufuria kubwa huku shangazi zake wanamtazama, hiyo kazi anaijua mkononi kabla ya kuambiwa jina la chakula.

Na zile bamia yule mama anazonisifia huku anashangaa nimezijulia wapi, zilitoka Afrika. Kunde wanazokula huku kusini Siku ya Mwaka Mpya kutafuta bahati zilitoka Afrika pia. Zilivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo, na watu hao na watoto wao ndio waliosimama kwenye majiko ya majumba haya kizazi baada ya kizazi.

Mama uliyeniuliza, aliyenifundisha ni huyu. Ni bibi mmoja Mmarekani mweusi ninayesali naye, mkazi wa upande wa magharibi wa mji. Nilipofika sikuwa na gari, na Januari ya Louisville haina huruma kwa mtu anayesubiri basi. Bibi huyu, bila kuombwa, akaanza kunipitia Jumapili. Kisha akanichukua jikoni kwake. Mama yake mzazi alikuwa mpishi wa majumbani maisha yake yote, akiingilia mlango wa nyuma, na mapishi aliyomwachia binti hayakuandikwa popote. Bibi hapimi kwa kikombe. Anakuonjesha, anakuuliza kimepungua nini, na ukikosea anakwambia onja tena. Ndugu zangu, mimi nimelelewa kuamini kwamba Wazungu ndio watakaonipokea na Wamarekani weusi nijihadhari nao. Hata kwenye ndege niliambiwa hivyo na Mtanzania mwenzangu. Yeyote anayejiandaa kuja, mtu akikupa ushauri huo, ukatae hapo hapo. Aliyenipa blanketi, jiko na ufundi ni yule niliyeambiwa nimwogope.

Na si jikoni tu. Derby ya kwanza, 1875, wapanda farasi walikuwa 15 na kati yao 13 walikuwa weusi. Mshindi, farasi Aristides, alipandwa na Oliver Lewis, mweusi, na mkufunzi wake alikuwa Ansel Williamson, aliyezaliwa utumwani. Katika Derby 28 za mwanzo, wapanda farasi weusi walishinda 15. Isaac Murphy alishinda mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Alonzo Clayton alishinda 1892 akiwa na miaka 15, umri ambao kwetu mtoto bado ananyimwa funguo ya pikipiki. Halafu wakasukumwa nje. Wapanda farasi weupe wakawa wanawabana kwa makusudi kwenye mbio mpaka wanaumia, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi, sheria za ubaguzi zikamalizia. Baada ya 1921 hakuonekana mpanda farasi mweusi kwenye Derby mpaka mwaka 2000. Watoto wengi mjini hapa hawalijui hili, na mimi nimekutana na watu wazima waliozaliwa karibu kabisa na uwanja ambao hawajawahi kulisikia.

Ninayempenda kuliko wote ni Jimmy Winkfield, kwa kuwa alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi. Alishinda 1901 na 1902, na mpaka leo hakuna mweusi mwingine aliyeshinda baada yake. Kazi ilipokauka nyumbani, akaenda Urusi mwaka 1904. Fikiria hiyo safari, mtoto wa mkulima wa Kentucky. Akashinda huko mpaka akawa tajiri. Mapinduzi yalipokuja, akashiriki kuwahamisha farasi zaidi ya 200 kwa miguu kutoka Odessa hadi Poland, njaa ikawabana hata wakala baadhi yao njiani. Akaanza upya Ufaransa. Mwaka 1961 akaalikwa Louisville kwenye chakula cha jioni cha heshima katika Brown Hotel. Alifika na binti yake, na mlangoni wakaambiwa hawaruhusiwi kupita mbele. Bingwa mara mbili, mzee, mwalikwa! Walisubirishwa mpaka walipoingizwa, na ukumbini watu wengi hawakuongea nao.

Ni hoteli hiyo hiyo ilikozaliwa Hot Brown mwaka 1926, mkate wenye bata mzinga, mchuzi mzito wa jibini, nyanya na bekoni juu, unachomwa kwenye oveni mpaka mchuzi unatokota. Naipika, na wateja wanaiagiza kila Mei. Kila ninapokoroga ule mchuzi wa jibini namkumbuka mzee Winkfield pale mlangoni.

Vinywaji sasa. Mint julep ndiyo yenyewe, na Churchill Downs peke yake huuza karibu 120,000 kwa siku mbili za Oaks, mbio za farasi majike za Ijumaa, na Derby. Kuna hata ya dola 1,000 kwenye kikombe maalumu, pesa inakwenda kwenye misaada; kwa shilingi piga hesabu mwenyewe. Ya nyumbani inahitaji mnanaa, sukari, barafu na bourbon, basi. Bourbon ni kileo cha nafaka ambazo kisheria mahindi si chini ya asilimia 51, kilichokaa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Weka majani ya mnanaa manane hivi kwenye kikombe cha bati au fedha, mimina mililita 15 za sukari iliyochemshwa na maji, bonyeza majani taratibu mpaka yatoe harufu. Usiyatwange kama kisamvu, yatakuwa machungu. Mimina mililita 60 za bourbon, jaza barafu iliyopondwa mpaka ifanye kichuguu, koroga mpaka kikombe kigande ukungu nje, chomeka tawi la mnanaa karibu na mrija ili mnywaji avute harufu kwanza. Ukiwa na wageni wengi, loweka mnanaa kwenye sukari ya moto nusu saa, chuja, weka kwenye friji tangu jana yake.

Na hapo nako kuna mtu wetu. Tom Bullock alizaliwa Louisville 1872, akawa anachanganya vinywaji Pendennis Club, klabu ya wakubwa wa mji, na 1917 akatoa kitabu cha vinywaji. Anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchapisha kitabu cha namna hiyo. Julep zimo.

Ijumaa ya Oaks watu wanavaa rangi ya waridi na kunywa Lily: vodka, juisi ya kranberi, ndimu na kileo cha machungwa. Wapenzi wa Stoney Tangawizi watafurahia bourbon na soda ya tangawizi yenye ndimu. Wasiotumia kilevi nawafanyia jagi la tangawizi mbichi, ndimu, mnanaa na asali, na huwa linaisha mapema kuliko yote.

Vijana wanaoniuliza kuhusu kuja kupika huku, nisikilizeni. Kima cha chini Kentucky ni dola 7.25 kwa saa, na mhudumu anayetegemea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu. Ukisikia "Marekani wanalipa kwa saa", uliza ni ngapi, kisha uliza kodi ya chumba. Keki na mikate unaweza kujiandikisha ukauza kutoka jikoni kwako, lakini nyama na michuzi inataka jiko lililokaguliwa. Pombe usiuze bila leseni. Mteja anunue chupa zake mwenyewe, wewe changanya. Pai ya chokoleti na walinati ipike upendavyo, ila kwenye bango usiandike Derby-Pie, jina hilo lina mwenyewe tangu zamani na anakwenda mahakamani kweli. Na mkeka wa kamari muuache. Mwaka 2022 farasi Rich Strike alishinda Derby akiwa 80 kwa 1, dola mbili zikalipa 163.60, na toka siku hiyo kila mtoto wa Kiswahili mjini anamtafuta Rich Strike wake kwa pesa ya kodi ya nyumba.

Bei yangu mwakani inapanda. Nilikuwa natoza kama mgeni anayeomba nafasi, na wateja wakazoea. Burgoo ya watu 40 ni usiku mzima wa mtu kusimama, na nitailipisha hivyo. Kwenye karatasi ya menyu nimeshaandika, chini ya kila chakula, kilitoka kwa nani: Jennie Benedict jina lake, Tom Bullock jina lake, na bibi yangu wa kanisani amekubali jina lake liandikwe kwenye burgoo. Mteja asiyetaka kuyasoma atafute mpishi mwingine.

Nitahitaji wasaidizi wanne msimu ujao. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mlioko Louisville, na Watanzania na Wakenya wa Lexington, niandikieni kabla ya Februari kuisha. Mje na cheti cha usafi wa chakula na viatu visivyoteleza. Asiyejua kukata mkate wa Benedictine nitamfundisha, mradi anajua kukoroga.