Nilivyohamisha kikoa cha wauza asali wa Tabora

Kikundi cha wauza asali ninachokihudumia hapa Tabora hupokea oda nyingi kwa barua pepe kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Kwa hiyo, walipoamua kuhamisha kikoa chao cha .com, yaani jina la tovuti na barua pepe zao, kwa msajili mwingine (kampuni inayosajili majina hayo) mwenye ada nafuu, sikutaka kufanya kazi hiyo kwa pupa. Tovuti ikizimika siku moja, wengi hata hawatajua; barua pepe ikikatika, mteja huona amepuuzwa na kwenda kununua kwingine.

Usajili ni kumbukumbu ya mmiliki wa jina na msajili anayemhudumia, ilhali DNS ndiyo inayojibu tovuti na barua za jina hilo ziko kwenye seva ipi. Unaweza kuhamisha kimoja bila kugusa kingine. Hata hivyo, seva zetu za DNS tulipewa bure na msajili yuleyule tuliyekuwa tukimwacha, na msajili wa namna hiyo anaweza kuzifuta rekodi mara tu kikoa kinapoondoka. Ndiyo maana nilianza na DNS.

Nilinakili kila rekodi kwenye seva mpya za DNS, zikiwemo za MX zinazoelekeza barua kwenye seva ya kuzipokea na zile ndefu za SPF na DKIM zinazosaidia kuthibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, ambazo nilizisoma herufi kwa herufi. Kisha nikabadilisha majina ya seva kwa msajili, huku zile za zamani zikiendelea kutoa majibu yaleyale. Rejista ya .com, yaani daftari kuu la majina hayo linaloendeshwa na kampuni ya Verisign, huipa taarifa hiyo muda wa kuhifadhiwa wa sekunde 172800, yaani siku mbili, na muda huo hauko mikononi mwako. Hakuna anayetangaza mabadiliko yako duniani. Mtandao wa kila kampuni ya simu hushikilia jibu ulilokwishapata mpaka muda wake uishe, ndipo uulize upya.

Muda unaoweza kuupunguza ni wa rekodi zako mwenyewe. Siku mbili zilipopita niliushusha wa tovuti kutoka sekunde 86400 hadi 300, nikasubiri ule wa zamani uishe, ndipo nikaielekeza tovuti kwenye seva yake mpya.

“Mwanangu, mbona simu ya katibu ina picha mpya na yangu bado ina za zamani?” mwenyekiti aliuliza. Niliunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, nikamwonyesha kwa dig, amri ya kuuliza DNS, sekunde zilizobaki zikipungua kila nilipouliza. Zilipokwisha, akafungua ukurasa upya na picha zikabadilika.

Uhamisho wenyewe ulikuwa mwepesi. Anwani ya barua pepe ya mmiliki kwenye usajili ilikuwa ndani ya kikoa hichohicho, nami nilitaka iwe nje yake. Lakini kuibadilisha kunaweza kuleta zuio la kuhama la siku 60, kwa hiyo kwanza nilimwomba msajili atuondolee zuio hilo, naye akakubali, nami nikaibadilisha. Baada ya hapo nilifungua kufuli ya kikoa, nikachukua namba ya siri ya uhamisho na kuiwasilisha kwa msajili mpya. Msajili wa zamani ana siku 5 za kupinga. Wetu alikaa kimya, na zilipopita kikoa kikahama. Ada tuliyolipa iliongeza mwaka mmoja juu ya muda uliokuwa umebaki, jambo lililomfurahisha mhazini kuliko maelezo yangu yote ya DNS.