Bonsai ya kwanza ilinifia mezani, hizi za sasa zinalala nje

Kila mgeni anayeingia hapa kwangu Tabata lazima asimame kibarazani aulize, hivi hiki kimti kina miaka mingapi? Na mimi hapo ndo unakua umenigusa penyewe, chai itapoa tunaongelea miti tu. Kwahiyo leo naandika kwa yule anayetaka kuanza.

Kwanza bonsai sio aina ya mti jamani. Ni neno la Kijapani, yani mti uliopandwa kwenye chombo bapa, na Wajapani wenyewe ule ufundi waliupokea toka China. Mti ni uleule ambao ukiuacha ardhini unapita paa la nyumba, wewe unaupogoa mizizi na matawi miaka na miaka mpaka unakaa mezani na bado una sura ya uzee.

Sasa hilo neno mezani ndo liliniponza. Nilinunua fikasi kwenye vile vitalu vya maua vya barabarani, mzee muuzaji akaniambia kabisa, "mwanangu huu usiuweke ndani, huu mti ni mtoto wa nje". Sikumsikia, nikauweka sebuleni kwenye bakuli zuri la kauri lisilo na tundu chini, na maji nampa kila asubuhi kwa mapenzi. Wiki ya tatu majani yakaanza kupukutika, nikajua ana kiu nikaongeza maji. Nilipokuja kuung'oa mizizi ilikua myeusi, laini kama ndizi iliyooza, na inanuka. Niliumia sana aisee.

Kwahiyo tundu chini ni lazima, na udongo usiwe ule mzito wa kushikana. Mimi nachanganya chenga za kokoto, tofali la kuchoma nililoliponda nikalichekecha vumbi lote likatoka, na samadi kidogo iliyooza vizuri. Ukimwagia maji yanapita palepale. Halafu usimwagilie kwa ratiba, chomeka kidole, pakiwa pakavu juu ndo umwagie, joto la Januari hapa Dar hata mara mbili kwa siku, masika unaweza usiguse kabisa. Na ukiona mti umepukutika majani usiutupe haraka, kwangua gome kidogo na kucha, chini kukiwa kijani bado uko hai.

Mti gani? Ukiniuliza mimi anza na fikasi maana ni mvumilivu, ndugu yake mkuyu yule, au bogenvilia lenye shina nene, au mkwaju. Mkwaju ndo kipenzi changu. Mbegu unatoa kwenye ukwaju uleule wa sokoni wa kutengenezea juisi, loweka usiku mmoja, panda. Wangu una miaka mitatu, upo kwenye beseni la plastiki nililolitoboa, shina limefika unene wa kidole gumba. Chombo kidogo kinadumaza, kwahiyo ukitaka shina linenepe mpe nafasi kwanza na uache matawi yakue ovyo, ndo baadae ukate.

Waya nachuna kwenye vipande vya kebo ya umeme, ile shaba ukiichoma kwenye jiko la mkaa ikapoa inalainika, unazungushia tawi taratibu unalipinda. Ila kagua kila wiki, miti ya huku inanenepa haraka, mimi tawi moja la fikasi waya uliingia ndani ya gome na ile alama ipo mpaka leo.

Mkinishangaa kwa kuhangaika hivi, kuna msonobari upo Washington kule Marekani, unalelewa kwenye chungu tangu 1625. Ulikua Hiroshima kwa familia ya Yamaki, bomu la Agosti 6, 1945 lilipodondoka kama kilomita 3 toka kwao, ukuta wa bustani ukaukinga. 1976 wakapewa Wamarekani zawadi, na waliokua wanautunza hawakuijua hiyo habari mpaka 2001 wajukuu wa mzee Yamaki walipofika kuuangalia. Mimi nikiukumbuka huo sioni miaka mitatu kama kitu.

Jioni giza likianza kuingia majani ya mkwaju yanajikunja mawilimawili, kimti kizima kinasinyaa kama kinasinzia, wanangu wanakuja kukiaga. Machi mvua zikianza nakihamisha kwenye chungu bapa, mfinyanzi nimeshampelekea vipimo, na nimemsisitizia matundu.