Kutoka Songwe hadi Dar: hesabu niliyomfanyia baba mdogo

Baba mdogo amestaafu udereva wa malori, na barabara ya Mbeya hadi Dar anaijua kona kwa kona. Nilipomwambia kwamba safari hii atapanda ndege Songwe, uwanja wa Mbeya, na angani hatazidi saa moja na ushee, alicheka. "Kilomita mia nane na ishirini na kitu? Labda hiyo ndege yenu ina njia ya panya."

Nikachukua kalamu. Songwe iko karibu nyuzi 9 kusini na nyuzi 33 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko karibu nyuzi 7 kusini na 39 mashariki. Tofauti ni nyuzi 2 upande mmoja na 6 upande wa pili. Huku kwetu karibu na ikweta, kila nyuzi ni takriban kilomita 110, iwe unakwenda kaskazini au mashariki. Ukitumia Pythagoras wa sekondari unapata kama 700; ukiweka nyuzi pamoja na desimali zake inashuka kidogo, takriban 690.

Hapo na mimi nikashangaa. Pamoja na kona zote za mlima Kitonga, barabara imeizidi ndege kama kilomita 140 tu! Njia ya panya haipo, ni mwendo. Ndege ya jeti ikishatulia juu hupita kilomita 800 kwa saa, ya mapangaboi kama 600. Lakini usigawe tu 690 kwa 800 ukasema dakika hamsini na ushee. Kupanda ni polepole, kushuka ni polepole, na muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi itakapoegeshwa Dar. Kwa jeti weka saa moja na robo hivi. Ya mapangaboi, saa moja na nusu au zaidi kidogo.

Kazi kubwa ilikuwa ya ardhini. Yeye anakaa Tukuyu, na uwanja uko ng'ambo ya jiji, upande wa Mbalizi; katikati kuna malori ya Tunduma, ambayo hayajali tiketi ya mtu. Tulitenga saa tatu za kufika Songwe, tukaongeza mbili za ukaguzi na kusubiri. Nilikwepa ndege ya asubuhi kwa sababu ya ukungu, nikamkatia ya mchana. Dar nako nikaweka saa nzima na nusu ya foleni. Jumla ikawa karibu saa nane, mlango kwa mlango, wakati basi peke yake humaliza saa kumi na mbili hadi kumi na nne, bado hajafika kwa mwanawe.

Alifika salama, kabla ya magharibi. Kurudi akakataa tiketi ya ndege, akapanda basi kwa hiari yake. Alitaka kuona vijana wa siku hizi wanavyopandisha malori Kitonga.