Shingo Iliyopungukiwa na Behewa Moja

Mwaka 1996, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu Changamwe, nilijenga bandari juu ya mlango wa kabati. Kabati lenyewe lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini mlango mmoja ulisalimika, wenye urefu wa sentimita 90 na upana wa 30, na kwa kuwa mshahara wangu wa ukarani haukuniruhusu kununua plaiwudi, niliung'oa bawaba, nikaupiga msasa na kuulaza juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama.

Reli na injini vililetwa na mjomba wangu, baharia, ambaye meli yake ilikuwa ikitia nanga Hamburg. Katika boksi la viatu alinipakilia injini ndogo ya ekseli tatu, vipande vya reli, njia panda mbili (vipande ambapo reli moja hugawanyika kuwa mbili), transfoma, jarida kuukuu la wajenzi wa reli ndogo, na mabehewa manane ambayo miili yake ilikuwa imevunjika lakini magurudumu yake yalikuwa mazima. Nafasi kati ya reli na reli ilikuwa milimita 9, kipimo ambacho watengenezaji hukitumia kuwakilisha reli ya Ulaya ya milimita 1,435 kwa kupunguza kila kitu mara 160. Mimi sikuitaka reli ya Ulaya. Reli yetu, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, upana wake ni mita moja. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba nikipunguza mara 111 badala ya 160, zile zile milimita 9 zinakuwa mita moja, nami sihitaji kugusa hata gurudumu. Kilichobaki kilikuwa kuyavisha mabehewa miili mipya ya kadibodi kwa kipimo hicho. Yalitoka mafupi, ya magurudumu manne, ya kizamani kuliko yale aliyoyashughulikia Baba, lakini hilo alinisamehe.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya kupanga mabehewa katika njia za reli za bandarini Kilindini, kazi ambayo wenyewe waliiita shantingi. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunionyesha kwa mbali jinsi reli inavyopita kati ya ghala na ukingo wa gati, chini ya miguu ya kreni, ikiwa imezamishwa sakafuni ili malori nayo yapite juu yake. Sakafu hiyo ndiyo iliyonichukulia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nilikoroga plasta pamoja na masizi ya jiko la mkaa, nikaijaza kati ya reli kwa kisu cha mezani, na kabla haijakauka nikapitisha ukingo wa sarafu kando ya kila reli ili nipate mfereji wa kupitishia ukingo wa gurudumu. Pale sarafu ilipoteleza, gurudumu lilipanda juu na behewa likaanguka baharini, yaani kwenye shuka la buluu nililotandaza chini. Hewa ya chumvi nayo haikunihurumia: kila baada ya siku mbili ilinibidi nisugue reli kwa raba ya shuleni, la sivyo injini ilizimika juu ya njia panda, mahali ambapo moyo wa plastiki, yaani kile kipande cha katikati ambapo reli hukatana, hukata umeme.

Mpangilio wa reli niliutoa katika lile jarida. Ni fumbo lililobuniwa na Mwingereza Alan Wright: njia tatu za kuegesha, moja ya kutosha mabehewa matano na mbili za mabehewa matatu matatu, zote zikikutana kwenye kipande kimoja cha reli ambamo injini husogea mbele na nyuma. Una mabehewa manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu, na ni lazima uyapange katika njia ndefu kwa mfuatano uleule uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Mimi niliandika namba kwenye visoda vinane nikavitia ndani ya kikombe, na kila namba nikaipa shehena: kahawa, chai, magadi, pamba na kadhalika, shehena ambazo Baba alikuwa akizitaja mezani kama mtu anayetaja majirani.

Jioni niliyomkaribisha aione, alikaa juu ya kigoda, akatikisa kikombe na kuchomoa 3, 7, 1, 8 na 2. Nilimpa kidhibiti cha transfoma, akakirudisha.

"Mimi sikuwahi kuendesha, mwanangu. Dereva ni wewe."

Akasimama upande wa pili wa meza na kuanza kuniongoza kwa mkono, kama alivyofanya miaka yote, akihesabu umbali uliobaki kwa urefu wa mabehewa: tatu, mbili, moja, nusu, kisha kiganja wima. Mimi niliendesha, na kwa waya wa spoki ya baiskeli niliouponda ncha kwa nyundo, nilinyanyua viungo vinavyoshikanisha mabehewa kila alipoonyesha kwa kidole mahali pa kukata. Sikuwa nimewahi kuiona kazi yake kwa karibu kiasi hicho. Alikuwa hatazami injini hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye ncha ya mwisho ya behewa la mwisho.

Baada ya dakika kama arobaini tulikuwa tumepanga mabehewa matatu tu, na lile la pamba tulikuwa tumelitoa na kulirudisha mara nisizozikumbuka. Baba akashusha mkono.

"Hii shingo yako inachukua mangapi?"

Shingo ndicho kile kipande cha reli ambamo injini huvutia mabehewa kabla ya kuyasukuma katika njia nyingine. Nikamwambia inachukua injini na mawili. Jarida lilitaka matatu, lakini mlango wa kabati uliishia hapo.

"Kwa hiyo kabati ndilo lililokupangia reli?"

Nilijitetea kwamba sentimita nane si kitu. Hakubishana. Alichukua behewa moja, akaliweka kwenye ncha ya shingo, nusu juu ya mlango na nusu hewani, akaniachia nilitazame. Kazini, alisema, kitu cha kwanza alichohesabu alipoingia zamu si mabehewa aliyokabidhiwa bali nafasi tupu aliyoachiwa. Niliona aibu kidogo, kwa sababu siku nyingi zilikuwa zimekwenda katika masizi na plasta, na shingo nilikuwa nimeikata kwa dakika moja.

Tulipata kipande cha ubao katika mabaki ya kabati. Nilikipigilia misumari kwenye ukingo wa mlango, nikaunganisha reli na kulehemu waya, naye akashika taa. Ubao ulining'inia nje ya meza ukayumba, ndipo Baba alipokwenda chumbani kwake akarudi na stuli pamoja na ile taa yake ya kazini yenye vioo vya kijani na chekundu, akaisimamisha juu ya stuli chini ya shingo. Taa ilipungua kwa unene wa kidole, akaiongezea kiberiti juu, kisha akarudi upande wake wa meza na kuinua mkono.