Anayeunda gitaa na anayelirekebisha: fundi wawili, kazi mbili

Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi mbili. Ukisema "gitaa langu limetengenezwa na fundi", msikilizaji hajui kama fundi huyo alilichonga kutoka kwenye mbao au alibandika daraja lililong'oka (kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya uso). Kutengeneza ni kuunda, na kutengeneza ni kuponya kilichoharibika. Kwa kiatu au redio utata huo haudhuru mtu. Kwa gitaa unadhuru: mtu anampelekea seremala hodari gitaa lililopinda shingo, au anamwagiza mbadilisha freti (vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo) amuundie gitaa jipya, na pande zote mbili pesa inapotea.

Wafaransa wanamwita muundaji luthier, kutokana na luth, nalo neno hilo lilitoka katika Kiarabu al-ud, yaani udi huuhuu wa taarabu. Hapa nitasema muundaji na mrekebishaji, tuelewane.

Muundaji anaanza na namba moja: urefu wa uzi unaopigwa, kutoka mfupa wa juu (pale shingo inapokutana na kichwa) hadi mfupa wa chini uliokaa juu ya daraja. Gitaa la klasiki, la nyuzi za nailoni, kwa kawaida ni milimita 650. Namba hiyo ikishakubaliwa, freti zote zimeshajipanga. Gawanya 650 kwa 17.817, namba ya kudumu ya kupangia freti, upate 36.48, hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Inabaki 613.52, gawanya tena kwa 17.817 upate 34.43, ambayo ni nafasi ya kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Ukienda hivyo bila kukosea, freti ya 12 itaangukia milimita 325, nusu kamili.

Wengi huharibu hapa kwa kupima kila freti kutoka kwa iliyotangulia. Ukipotoka milimita 0.2 kila mara, upande uleule, freti ya 12 imeshahama milimita 2.4. Nafasi kati ya freti ya 12 na ya 13 ni milimita 18 na kidogo tu, kwa hiyo umekosa zaidi ya sehemu ya nane ya nusu toni (hatua ya freti moja), na sikio linasikia. Piga hesabu zote kwenye karatasi kwanza, kisha pima kila freti kutoka mwanzo wa ubao, rula haijasogezwa. Mrekebishaji hana dawa rahisi ya kosa hili. Itabidi aubandue ubao mzima wa freti na kuweka mwingine.

Uamuzi mwingine usiorudi nyuma ni unene wa uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti. Uso wa sprusi au mwerezi hupunguzwa kwa randa na msasa hadi milimita 2.5 hivi, na ugumu wa ubao hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene): ukitoka milimita 3.0 kwenda 2.5, umetoa nusu milimita tu lakini ugumu umeshuka kwa takriban asilimia 42. Ndiyo maana muundaji hasomi kipimo peke yake. Anaukunja ubao kwa mikono, anaugonga, anasikiliza, kwa sababu mbao mbili za mti mmoja hazilingani. Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliunda mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa kwa gundi ili kuonyesha kwamba sauti inategemea uso kuliko kitu kingine. Nadhani kila anayetaka kuunda gitaa angeanzia hapo, badala ya kutafuta kwanza mti wa rangi nzuri.

Chini ya uso kuna mataruma, yaani vijiti vya mbao vinavyoutia nguvu, na neno hili la wajenzi wa majahazi linafaa kabisa. Torres aliyapanga saba kama upepeo uliokunjuliwa, kwa nyuzi laini. Magitaa ya nyuzi za chuma hutumia mataruma mawili makubwa yaliyokatizana kama herufi X, mpango uliotangazwa na kampuni ya Martin ya Marekani, kwa kuwa mzigo wake ni mzito zaidi.

Halafu kuna unyevu, ambao pwani yetu inaujua vizuri. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haibadiliki. Sasa chukua uso uliogandishwa mataruma ya kukingama mwezi Aprili jijini Dar es Salaam, ukiwa umeshiba unyevu. Gitaa likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, uso unataka kusinyaa kwa upana, lakini taruma limelala kwa urefu wake katika upande huohuo na halisinyai. Uso ukivutwa hivyo unapasuka, mara nyingi karibu na mstari wa katikati. Karakana za Ulaya na Marekani hushikilia hewa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50 wakati wa kugandisha. Muundaji wa pwani asiye na chumba kikavu asigandishe mataruma wakati wa masika, hata mteja akimkimbiza.

Mrekebishaji anapokea maamuzi hayo yote yakiwa yameshafanywa, tena na mtu asiyemjua. Kazi yake ya kwanza ni utambuzi. Mteja anasema "uzi unakwaruza". Unakwaruza wapi? Ukikwaruza freti ya kwanza peke yake, ukiwa wazi (haujakandamizwa), tazama mfupa wa juu. Ukikwaruza freti tano za mwanzo, shingo imenyooka mno au imepinda kinyume. Ukikwaruza sehemu moja tu, freti ya mbele yake imeinuka: weka rula fupi juu ya freti tatu, ikicheza kama bembea umempata mkosaji.

Marekebisho yana mpangilio wake, na anayeuvuruga anafanya kazi mara mbili. Kwanza shingo: kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya 14, pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) juu ya freti ya 7. Kwa gitaa la nyuzi za chuma unataka pengo la milimita 0.15 hadi 0.25. Likizidi, kaza nondo ya ndani ya shingo robo mzunguko, usubiri, upime tena. Nondo ikigoma, usiilazimishe, maana ikikatika gharama yake inaweza kupita bei ya gitaa. Pili, urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: uzi mnene milimita 2.2 hivi, uzi mwembamba 1.7. Ukitaka kushusha nusu milimita hapo, mfupa wa chini unausaga milimita 1 nzima, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Baada ya hapo ndipo unagusa mfereji wa mfupa wa juu, na mwisho kabisa usahihi wa sauti.

Ugonjwa mkubwa wa magitaa kwetu ni nyuzi za chuma juu ya gitaa la klasiki. Seti ya nailoni inavuta kilo 40 hivi kwa jumla, seti ya kawaida ya chuma inapita 70. Uso unavimba nyuma ya daraja, kisha daraja linaanza kuachia kwa nyuma. Ukiingiza karatasi nyembamba chini ya daraja na ikazama, legeza nyuzi siku hiyohiyo.

Kulibandika upya kunataka subira. Funika uso kwa kadibodi yenye karatasi ya fedha, tundu likatwe sawasawa na daraja. Pasha daraja polepole kwa pasi hadi digrii 65 au 70, ingiza kisu chembamba butu upande ulioachia, ufuate mkondo wa mbao. Kisu kikianza kuzama ndani ya uso badala ya kuteleza juu yake, toa, ingia kwa upande mwingine. Daraja likitoka, kwangua gundi yote ya zamani hadi mbao tupu pande zote mbili, kwani gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Kwangua na vanishi yoyote iliyoachwa chini ya daraja. Magitaa mengi ya bei nafuu huachia kwa sababu hiyo tu. Kaza jiliwa bila gundi kwanza uone kama tumbo la daraja linalala juu ya uso bila mwanya. Kisha gundi ya mbao, nyembamba, jiliwa tatu kupitia tundu la sauti na kipande cha mbao ndani kisichokanyaga mataruma. Futa inayotoka kwa kitambaa chenye unyevu. Saa 24 bila kugusa.

Asiyejua anapiga skrubu mbili, au anamimina epoksi, gundi isiyoachia kirahisi. Skrubu inapasua, na epoksi inamfungia mlango fundi atakayekuja baadaye. Mimi fundi nampima kwa gundi anayochagua kabla sijatazama kitu kingine.

Kazi hizi mbili zinakutana kwenye shingo iliyovutwa na miaka, pale ambapo mfupa wa chini umesagwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu. Mrekebishaji anaingiza kioo kidogo na tochi ndani ya tundu la sauti kuona muundaji alifanya nini. Akikuta shingo imefungwa kwa bolti, ana bahati: anaifungua. Likiwa gitaa la nyuzi za chuma lenye kiungo cha mkia wa njiwa kilichogandishwa, ang'oe freti ya 15, atoboe tundu dogo kwenye mfereji wake na kupuliza mvuke hadi gundi ilegee. Lakini gitaa la klasiki la mtindo wa Kihispania, mbavu zake zimechomekwa ndani ya kisigino cha shingo. Shingo hiyo haivuliwi. Hapo anang'oa freti zote na kupiga randa ubao wa freti kwa mshazari: milimita 1 upande wa kichwa, sifuri kwenye freti ya 12, na mfupa wa juu ushuke nao. Nyuzi zitashuka nusu milimita pale kwenye freti ya 12. Ubao wa milimita 6 unavumilia kazi hiyo. Muundaji aliyeubania hadi milimita 4 hakumwachia mwenzake kitu cha kutoa.