Siku moja maishani mwangu: mimi na leya ambazo hakuna aliyezichagua

Saa 2 asubuhi. Sijakaa hata vizuri, meseji ya injinia wa miundo imeshatangulia. "Dada, nikizima milango nusu inabaki, nikizima fanicha kuta za choo zinapotea nazo, naomba faili safi kabla ya saa sita." Hajakasirika, anaandika hivyo siku zote, ila mimi kazi yangu hapa ofisini ni kuangalia viwango vya michoro kwa hiyo nikisoma tu kuta za choo zimepotea na fanicha najua tayari kilichotokea. Mtu alikuwa anapanga makochi, leya ya fanicha iko kazini (leya ni tabaka la mchoro unaloweza kulizima au kuliwasha peke yake), akakumbuka choo, akachora choo humohumo.

Saa 2 na nusu. Nafungua faili kwenye AutoCAD, programu tunayochorea, na ni vilevile. Watu wengi hawaelewi kwamba AutoCAD ya kawaida haijui kama unachora ukuta au meza, kwake yote ni mistari, na kila mstari unaangukia kwenye leya iliyo kazini wakati huo, basi, hiyo ndo difolti yenyewe. Ukitaka kuijua iko kwenye CLAYER, setingi inayotunza jina la leya iliyo kazini. Ukianzisha faili tupu bila templeti ya ofisi, yaani faili la kuanzia lenye mipangilio yetu, unakuta leya moja tu, ile 0, ndo maana michoro ya haraka haraka yote imerundikana humo.

Halafu kuna wale waliosikia mahali kwamba leya 0 ni mbaya, wakaihama kabisa, nao wanaleta shida nyingine, na hiyo ndo iliyoipata milango ya leo. Leya 0 ina kazi yake na kazi hiyo ni ndani ya bloku, yaani kitu kilichochorwa mara moja kikafungwa pamoja ili kiingizwe popote. Chora mlango kwenye 0, rangi na unene wa mstari acha ByLayer, yaani vifuate leya, ufanye bloku, halafu ukiuingiza kwenye A-DOOR, leya ya milango, unafuata A-DOOR, ukiuingiza kwenye leya ya milango ya kubomolewa unafuata ya huko, bloku ni ileile moja. Sasa huyu aliyetengeneza mlango wa leo fremu kaichorea A-WALL, leya ya kuta, na ubao kauchorea A-DOOR, akafunga bloku, kwa hiyo hata uiweke bloku wapi, fremu bado ni mali ya A-WALL. Injinia anazima A-DOOR, ubao unaondoka, fremu zimebaki zimesimama peke yake. Na angegandisha badala ya kuzima angeona kitu tofauti kabisa, maana ukigandisha leya ambayo bloku imeingizwa bloku nzima inaondoka hata kama vya ndani yake ni vya leya nyingine. Kuzima na kugandisha si kitu kimoja jamani, nimeshalisema hili mpaka watu wananikwepa.

Saa 3 mpaka karibu saa 5. Usafi. Bloku ya mlango naifungua kwenye edita ya bloku, vya ndani vyote narudisha 0, na milango yote ya jengo inajirekebisha kwa mkupuo, hapo ndo raha ya bloku. Kuta za choo nazikamata kwa SELECTSIMILAR, amri ya kuchagua vinavyofanana, nazipeleka A-WALL. Kuna mistari imepakwa rangi kwa mkono, nyekundu juu ya leya nyeupe, hiyo naimaliza na SETBYLAYER, amri inayoirudisha ifuate leya. Vipimo ndo vimetawanyika kila kona, vingine kwenye fanicha, vingine kwenye 0, kuna hadi kimoja kwenye ngazi.

Vipimo kusema kweli vinanikera kuliko vyote kwa sababu dawa ipo siku nyingi na watu hawaitumii. Tangu AutoCAD 2016 kuna DIMLAYER, unaiambia mara moja tu kwamba leya ya vipimo ni A-ANNO-DIMS na kuanzia hapo uwe umesimama leya gani ukipiga kipimo kinakwenda kwao chenyewe. Inahifadhiwa ndani ya mchoro, kwa hiyo ukiiweka kwenye templeti kila faili jipya linazaliwa nayo. Hachi, ile mistari ya kujazia eneo, nazo zina ya kwao, HPLAYER. Hizo mbili peke yake zinaondoa nusu ya uchafu ninaousafisha, na hapo mchoraji hajaombwa akumbuke chochote. Mimi msimamo wangu ndo huo, ukiona ofisi inategemea watu wakumbuke kubadilisha leya kabla ya kuchora, hiyo ofisi haina kiwango, ina matumaini.

Saa 5 na robo nimemtumia injinia faili lake. Kajibu "asante", nukta.

Saa 5 na nusu. Kijana aliye mafunzoni kanijia. Yeye yuko kwenye mradi wa ArchiCAD, programu nyingine ya kuchorea majengo. "Dada samahani, kuta zangu mbili zimegusana kabisa lakini haziungani kwenye kona." Nikamuuliza ziko leya moja? Akasema ndiyo. Tukaangalia, haziko. Moja iko leya ya kuta za nje, nyingine iko leya ya vitu vya kubomolewa, na kwenye ArchiCAD kila leya ina namba ya kundi la kuungana, kuta zilizo kwenye leya zenye namba tofauti hazitaungana hata uzilazimishe, na namba 0 ndo kabisa, haiungani na chochote.

Kilichomshangaza ni ukuta umefikaje kwenye leya ya kubomolewa wakati yeye hajawahi hata kuifungua. Nikamuuliza, ulibonyeza Alt ukakliki ukuta wa zamani ili upate unene uleule? Eeh. Basi, hapo ndo ilipoingia. Ile Alt na kliki inachukua setingi zote za kitu ulichokikliki, unene, matirio, urefu, na leya pia, inavimimina kwenye kifaa cha ukuta kuwa difolti mpya, na kila ukuta utakaochora kuanzia hapo unafuata. Maana ArchiCAD haina mambo ya leya moja iliyo kazini kama AutoCAD, kila kifaa kinakumbuka leya yake, ukuta ya kwake, slabu ya kwake, mlango hauna hata haja maana unaishi ndani ya ukuta. Ni mpango mzuri sana mpaka mtu akope setingi bila kujua amekopa nini. Nikamwonyesha Favoriti za ofisi, setingi zilizohifadhiwa tayari, ambazo leya imeshawekwa ndani yake, anza na hizo, nikamwambia, ukikopa kwa Alt angalia kisanduku cha leya kwanza. Akauliza je nikibadilisha difolti sasa hivi, zile kuta nilizochora asubuhi zitahama? Hapana mdogo wangu, difolti ni ya vitakavyokuja, vilivyokwisha chorwa unavichagua unavihamisha mwenyewe.

Saa 7. Mapumziko.

Saa 8 mchana. Faili la kampuni ya miundo limeingia, wao wanatumia Revit, na Revit haina leya kabisa, ina kategoria, ukuta ni ukuta kwa sababu umeuchora kwa kifaa cha ukuta. Inapotoa DWG, faili la AutoCAD, ndo inabidi itafsiri, kategoria fulani iende leya fulani, na kwenye setingi za kutoa kuna viwango vimeshaandaliwa unachagua, AIA, ISO 13567, BS 1192 ya Waingereza, na CP83 ya Singapore. Wametoa kwa ISO na sisi tunafuata AIA, ya wasanifu wa Marekani, ile ambayo muongozo wake wa kwanza ulitoka 1990, herufi ya kwanza inasema fani, A ya usanifu, S ya miundo, halafu herufi nne za kitu chenyewe. Majina yao ya leya kwa macho yetu yanasomeka kama namba za mizigo bandarini. Hawajakosea lolote, ISO 13567 ni kiwango halali cha tangu 1998, ila hatukuelewana mwanzoni tutumie kipi. Nafungua LAYTRANS, kifaa cha AutoCAD cha kutafsiri leya, huku majina yao kule ya kwetu, naoanisha moja moja, nahifadhi ramani ile ili faili lao lijalo liwe kazi ya dakika mbili. Nimewaandikia pia tuwatumie setingi zetu za kutoa, ni faili dogo tu la maandishi.

Saa 9. Mwenzetu wa picha za 3D kalalamika kwamba SketchUp inamtania, anaficha fanicha na nyuso za sakafu zinakatika. Sikuhitaji hata kunyanyuka. Kwenye SketchUp mistari na nyuso zote zinabaki Untagged, ile zamani iliyoitwa Layer0, tagi unaipa grupu au komponenti tu, yaani vitu vilivyofungwa pamoja. Tangu toleo la 2020 waliacha kuziita leya wakaziita tagi na mimi nadhani walifanya vizuri, maana mtu aliyetoka AutoCAD akisikia leya anaanza kuhamahama tagi kabla ya kila mstari, na SketchUp haitaki hivyo kabisa.

Saa 10. PDF za mkandarasi. Mstari wa mpaka wa kiwanja unaonekana kwenye skrini, kwenye PDF haupo. Defpoints! Hiyo leya inajizalisha yenyewe ukipiga kipimo cha kwanza na haiprintiki hata ufanyeje, na mtu kakuta ipo kwenye orodha akaona ni leya kama nyingine akaketi humo. Nimehamisha mpaka, nimetoa tena. Kuna wanaoitumia makusudi kuficha fremu za vyupoti, yale madirisha ya kuonyeshea mchoro kwenye karatasi, mimi sipendi, tengeneza leya yako, izimie alama ya printa, ipe jina ambalo mtu wa kesho ataelewa.

Saa 11 kasoro. Sasa templeti, kazi niliyopanga kuianza asubuhi. DIMLAYER ndani. Paleti ya vifaa nayo, kila bloku naikliki kulia, naingia kwenye sifa zake, naijaza leya, choo cha kukaa kwenye vifaa vya maji, kochi A-FURN, mti kwenye mandhari, hivyo mtu akiburuta kochi huku amesimama A-WALL kochi linakwenda kwao. Wenzetu wenye AutoCAD Architecture wanapata hili la kuta na milango bila kuhangaika, ukishaweka kiwango chako cha funguo za leya, ukuta unajua ni A-WALL. Sisi tunaijenga kwa mikono.

Bosi kapita nyuma yangu akasema tuongeze leya kwa kila aina ya ukuta, wa tofali, wa zege, wa jipsamu, wa kioo. Nikamwambia mzee, nani atazizima moja moja? Leya inafaa kuwepo kama kuna siku mtu atataka kuizima, kuigandisha au kuiprinti kwa unene tofauti, vinginevyo ni jina tu la kupotea ndani yake. Akafikiri, akasema basi kioo peke yake. Kioo sawa, A-GLAZ ipo tayari.

Saa 11 na nusu nimehifadhi DWT, ndo templeti yenyewe, nimetoa na faili la DWS, la viwango, la kukagulia michoro kwa CHECKSTANDARDS, nikafungua mchoro mpya kujaribu: nimesimama kwenye 0, kipimo kimeenda A-ANNO-DIMS, mlango A-DOOR, kochi A-FURN. Ile miradi iliyokwisha anza templeti haiigusi, kwa hiyo kesho naanza na ile ya ghorofa ambayo DIMLAYER yake bado inafuata leya iliyo kazini.